Chukua Gari, Niachie Betri

Mwanangu Mabula,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, lakini ya kwako naijua. Mchana umekula ugali nusu sahani ukasema umeshiba, na mtu anayeshiba kwa nusu sahani nyumbani kwangu ana safari kichwani. Sasa umekwenda kuaga wenzako mjini. Jua bado lipo, nami nimekaa jikoni na kalamu kwa sababu maneno haya nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu. Nitaanza kulia, wewe utaangalia simu.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala sabuni, wala kuchagua marafiki. Wewe ni mtu mzima. Kesho unakwenda Nyarugusu kwa baba yako, kwenye duara lake, lile shimo la kuchimbia dhahabu. Sikukuzuia alipokupigia simu na sikuzuii leo. Nataka tu uende ukijua jambo lililotokea hapa ulipokuwa chuoni, na ili ulielewe inabidi nianzie kwenye gari.

Unakumbuka lilivyoingia? Ulikuwa ungali shule ya msingi. Miaka yote baba yako alikuwa akirudi kutoka machimboni na mfuko wa nguo chafu, lakini safari ile alikuwa amepata. Akaingia uani na gari la rangi ya fedha, kimya kabisa, hata kuku hawakusogea. Wewe ukapiga kelele kwamba limezimika. Akashuka anacheka, akafungua kifuniko kidogo ubavuni, akavuta kebo nene kutoka nyuma.

"Mama Mabula," akasema, "hili linachajiwa kama simu. Chaji ikiisha, linawasha injini, linakwenda kwa petroli."

Majirani wa Ibadakuli nzima walikuja kuliona. Alipitisha kebo dirishani akachomeka kwenye soketi ya sebuleni, ile tuliyokuwa tunatumia kwa redio. Kabla ya chakula cha jioni tukasikia harufu ya plastiki. Soketi imeyeyuka, ukuta umekuwa mweusi, nyumba nzima haina umeme. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Siku iliyofuata akamwita fundi avute waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye mita. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya kwanza ya gari lile, na ndiyo pekee tuliyoilipa tukicheka.

Dalali aliyemuuzia kule Mwanza alimwambia lilikuwa la mzee mmoja wa Japani aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Tukaangalia viti, tukaangalia matairi, tukajaribu redio. Hakuna aliyeuliza habari za betri kubwa, ile iliyolala chini ya kiti cha nyuma. Leo najua kwamba mtu akinunua haibridi ya mtumba, gari la umeme na petroli kama hili, ananunua betri, mengine ni mabati na vitambaa. Baba yako angeomba lipimwe kwa kompyuta, au angeliendesha kwa umeme mtupu aone linaishia wapi. La kwetu lilipotupeleka mara ya kwanza Maganzo kwa bibi yako, injini iliwaka hata nusu ya njia hatujafika. Baba yako akasema ni kawaida. Nami nikasema ni kawaida.

Kisha akarudi machimboni kwa basi. Alisema barabara za Nyarugusu zitaliua gari, afadhali libaki nyumbani. Akawa anakuja, halafu anakuja mara moja moja, halafu akawa anatuma hela kidogo na salamu nyingi. Siku moja akapiga simu mchana, nikiwa nachambua mchele.

"Mama Mabula, sitaki usikie kwa watu. Huku Katoro nina mke. Ana mtoto."

Nikamuuliza, "Na gari?"

Sijui kwa nini niliuliza gari. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu, kwa sababu yalikuwepo maswali mengine. Akasema, "Gari kaeni nalo." Nikakata simu nikaendelea na mchele wangu.

Lilikaa uani miezi mingi. Sikujua kuendesha, na wewe ulikuwa unacheza ndani yake na wenzako mkijifanya mko safarini Dar es Salaam. Nilipoamua hatimaye kumwita mtu aliwashe, halikutoa hata taa. Fundi wa kwanza, yule wa karibu na stendi, akaniambia mfumo wote umekufa. Akabadilisha koili, akabadilisha plagi, akafungua pampu ya maji, na kila alipofungua kitu nilipeleka gunia la mchele sokoni. Wiki nyingi zilipita. Mwisho akaja fundi mwingine, Salumu, mtu wa Tanga aliyehamia huku kufuata kazi za magari ya wachimbaji. Akapima betri ndogo, ile ya kawaida inayokaa kwenye kila gari. Imekufa kwa kukaa bure. Kumbe hata betri kubwa ikiwa imejaa, ile ndogo ikifa gari haliamki. Betri ndogo mpya ilinigharimu laki mbili na kitu. Nilikuwa nimeshatumia mara sita ya hapo kwa fundi wa kwanza.

Nilimkasirikia yule fundi, lakini nikikaa peke yangu najua hakunidanganya sana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Tengeneza tu, chochote kile." Nilikuwa nataka litengenezwe. Nilikuwa nafikiri, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwamba baba yako akirudi akalikuta linawaka, ataona hatukulitupa, na labda atakaa.

Nikajifunza kuendesha, mtu mzima mwenye nywele nyeupe mbili tatu, wanafunzi wenzangu wakiniamkia shikamoo kabla ya kushika usukani. Leseni ilipotoka nikaanza kubeba abiria. Uwanja wa ndege uko hapa hapa kwetu, nikawa nawapeleka mjini na kuwarudisha. Nikawa nawapeleka Maganzo wanunuzi wa almasi, wanaume wasioongea, mkono mmoja mfukoni njia nzima. Ada yako ya sekondari na ya chuo ilitoka kwenye kiti kile cha nyuma. Umeme wa kuchaji usiku ulikuwa nafuu kuliko petroli, na kwa safari za mjini nilikuwa siwashi injini kabisa. Niseme ukweli, kulikuwa na miaka gari lile lilikuwa mume mzuri.

Likaja vumbi. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna kitundu cha hewa, ndani yake feni inayopoza betri kubwa. Mimi sikujua. Abiria walikuwa wanaegemeza mizigo pale, magunia, mabegi, na msimu wa pamba nilibeba hata viroba vya pamba. Taa ikawaka kwenye dashibodi, gari likaanza kula petroli kama lori, chaji ikawa haikai. Salumu akafungua ile feni mbele yangu. Akatoa udongo na pamba, donge kama kichwa cha mtoto.

"Mama Mabula, umeliziba pua," akasema.

"Litapona?"

"Nimesafisha. Kusafisha ni elfu arobaini tu. Ila betri imeshapata joto muda mrefu, seli nyingine zimechoka. Nikikwambia limepona nitakuwa nakudanganya."

Nikamwambia aifute ile taa. Akaifuta kwa kompyuta yake. Taa ikakaa wiki chache ikarudi. Nikarudi kwake akaifuta tena. Hivyo hivyo mwaka mzima, Mabula. Nilikuwa nalipia kutokuona.

Sasa sikiliza siku ile ya bibi yako. Wewe ulikuwa bwenini, tukakuambia tu kwamba aliugua akapona. Jirani yake wa Maganzo alinipigia simu, akasema mama anatapika na hatambui watu. Nikaenda, nikamlaza kiti cha nyuma, tukaanza kurudi mjini kupitia njia ya ndani kwa sababu nilitaka kuwahi. Mvua ilikuwa kubwa. Katikati ya mashamba gari likaandika maandishi mekundu, likapoteza nguvu, likasimama. Tanki lilikuwa limejaa petroli. Ndipo nikajua kwamba betri ile ikigoma, injini yenyewe haiwaki.

Nilikaa kwenye usukani nikibonyeza kile kitufe. Nikibonyeza, nikisubiri, nikibonyeza. Mama yangu yuko nyuma anahema kwa shida, nami naliomba gari. Nililiita kwa jina la baba yako, Masunga. Nilisema, "Masunga, usinifanyie hivi."

Mkulima mmoja alikuwa anatoka shambani na maksai wake. Akagonga kioo, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, kuna mgonjwa humo?"

"Ni mama yangu."

"Sasa mbona umekaa?"

Alisema hivyo tu, bila ukali. Nikatoka. Akamwita kijana wake wa pikipiki, tukamweka mama katikati, mimi nyuma nimemshika, tukaenda kwenye mvua mpaka barabara ya lami, huko tukapata lori. Mlango wa gari niliuacha wazi. Ufunguo niliuacha ndani. Sikugeuka hata mara moja kulitazama, na nilipokuwa kwenye lile lori nimempakata mama yangu, nilijihisi mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu ile simu ya Katoro.

Bibi yako alipata nafuu, akaishi mwaka na zaidi, akakuona ukiingia chuo. Niliporudi kulitafuta gari, nililikuta kwenye boma la yule mzee. Alilivuta kwa maksai na mnyororo wa jembe. Alikuwa amelizungushia miiba pande zote ili ng'ombe wasilikwaruze.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia. "Lako halisumbui, halili majani."

Nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Yule mzee akajifanya anaangalia ng'ombe. Nikamshukuru, nikamwambia wabeja, akakataa hela.

Salumu akaja kulichukua kwa gari la kuvuta magari, akanieleza wazi. Betri mpya kabisa ya kuagiza ingefika bei ya gari lenyewe, pengine kupita. Ningeweza kubadilisha seli zilizokufa tu, kama milioni moja na nusu, lakini zile za zamani zilizobaki zingezifuata zilizokufa. Au betri nzima iliyotoka kwenye gari lililogongwa, ipimwe kwanza mbele yangu, karibu milioni nne na kazi yake. "Au uza kwa watu wa spea," akasema. "Hakuna atakayekucheka."

Nilikaa siku kadhaa. Wakati mwingine wote, jambo la gari likinizidi, nilikuwa nashika simu nitafute namba ya baba yako, hata kama sipigi. Safari hii sikuishika. Bibi yako alikuwa na ng'ombe wanne. Akaniambia, "Uza, unisafirishie mjukuu wangu, na mimi mwenyewe unipeleke kliniki." Nikawauza. Nikasafiri na Salumu mpaka Mwanza, nikasimama pale wakiipima seli moja moja, nikauliza maswali mpaka muuzaji akachoka. Gari likarudi uani kimya kama siku ya kwanza. Lakini safari hii lilikuwa langu. Sikulitengeneza kwa ajili ya mtu atakayekuja.

Na ndipo akaja.

Ilikuwa kiangazi kilichopita, bibi yako ameshazikwa, wewe uko chuoni. Nilirudi kutoka kupeleka abiria nikamkuta amekaa kwenye ngazi, begi moja, amekonda. Nikamkaribisha ndani, nikamwandalia chai. Duara limejaa maji, akasema, wenzake wamekimbia, na yule mke wa Katoro amerudi kwao na mtoto. Anahitaji pampu kubwa na mafuta ya kuiendesha. Alizunguka kwa maneno sana kabla ya kusema alichojia.

"Nimekuja kuchukua gari. Nina mteja Geita."

"Gari lipi, Baba Mabula?"

"Hili. Kadi ya gari ina jina langu."

Ni kweli, kadi ilikuwa na jina lake. Sikuwahi kufikiria kuibadilisha. Nikamtazama mtu niliyemsubiri miaka yote ile, ameketi kwenye kiti chake kile kile, na alichokuja kuchukua si mimi wala si wewe. Nilidhani nitapiga kelele. Sauti ilitoka ya kawaida kabisa.

"Sawa. Chukua gari. Niachie betri."

"Betri gani?"

"Kubwa. Ile uliyokuja nayo ilikufa. Hii ni ng'ombe wanne wa mama yangu. Na ndogo pia ni yangu, na feni, na waya wa kuchajia. Ita fundi avitoe, uondoke na gari lako."

"Mama Mabula, bila betri si halitembei?"

"Halitembei."

Akachukua funguo mezani, akatoka nje. Nilimwona dirishani akiingia kwenye gari, akakaa kwenye usukani. Akabonyeza kitufe. Halikutoa sauti. Akabonyeza tena, akaniita, "Mbona limekufa?"

"Linawaka," nikamwambia. "Ndivyo linavyowaka."

Alisahau, Mabula. Alisahau gari alilolileta mwenyewe linavyowaka. Akakaa mle ndani muda mrefu mikono juu ya usukani, nami nikasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Kisha akatoka akanipa funguo. Kesho yake alikubali twende tukabadilishe kadi. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo nataka ulijue juu ya baba yako, maana ni kweli kama mengine yote niliyokuandikia.

Nilimpeleka stendi. Alipanda kiti cha nyuma kama abiria. Tulipofika akasema, "Halina kelele kabisa." Halafu akasema, "Mambo yakitengemaa nitamwita Mabula." Nikasema sawa. Sikuamini, kwa hiyo sikukuambia. Juzi akakupigia.

Sasa unakwenda. Umesomea umeme wa magari, nami najua hukuchagua fani ile kwa bahati. Wengine watakuambia unapoteza elimu yako shimoni. Pampu pia zinahitaji fundi, na mimi si wa kukusomea hesabu. Baba yako ni mcheshi, ana mkono wa kazi, akiwa na shilingi utakula vizuri. Ila hakai. Niliishi miaka nikidhani kuna kitu kimeharibika ndani yake, na kwamba nikikipata nikakibadilisha atakaa. Usianze kazi hiyo. Mpende, fanya naye kazi, mwamkie asubuhi, na siku utakapoona moyo wako unaanza kusubiri atengemae, funga begi urudi. Sitakuuliza kilichotokea.

Na kama siku moja mtu atakugongea kioo akuulize mbona umekaa, toka.

Kuhusu mimi usijisumbue kunionea huruma, ingawa sitadanganya. Nyumba hii ilikuwa na watu watatu. Asubuhi ya leo nilipika chai nikagundua najifunza kipimo cha kikombe kimoja, nikaimwaga nikapika ya viwili. Kesho nimekubali abiria wa mapema, mmoja wa kwenda Maganzo na mwingine wa kurudi, na wa mchana, na wa jioni. Nimewakubali wote ili nisije kuingia ndani mara tu baada ya kukusindikiza. Jumapili sina abiria. Sijui nitafanya nini Jumapili.

Ukifika usinipigie kuniambia umefika tu. Niambie umekula na nani.

Nasikia geti. Unapiga mluzi, kwa hiyo wenzako wamekufurahisha. Nitaificha barua hii kati ya mashati yako, halafu nitakuuliza kama umekula. Utasema umekula huko huko, nami nitakupakulia hivyo hivyo.

Mimi niliyekuzaa siku ya mvua,
Mama